Hita ya Gari Isiyotoa Joto: Kutafuta Chanzo na Kuitengeneza

Hita ya gari haina moto wake yenyewe; inatumia joto la injini. Sehemu ya maji ya kupozea injini hutoka kwa hozi moja, hupita ndani ya rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kisha hurudi kwenye pampu ya maji kwa hozi ya pili. Feni husukuma hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo, na kibao kilichomo kwenye sanduku la hewa huamua hewa kiasi gani ipite penye joto. Hewa ikitoka baridi, ama maji ya moto hayafiki, ama yanafika lakini hewa haiyapitii.

Gari linaloshinda Dar es Salaam huweza kukaa na kasoro hii miaka mingi bila mwenyewe kujua. Hugundulika siku linapopanda Makambako na Njombe mwezi wa Julai, alfajiri, ukungu umetanda na kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani. Katika hali hiyo hita ndiyo inayokausha kioo ili dereva aone barabara, hivyo kuiita anasa ni kukosea.

Uchunguzi huanza injini ikiwa imepoa, kwa sababu kifuniko cha rejeta kubwa ya injini kikifunguliwa kwenye joto, maji huruka na kuunguza. Kinachotazamwa kwanza ni kina cha maji. Yakipungua, hita mara nyingi huathirika kabla geji ya joto haijaonyesha lolote, maana hewa hujikusanya kwenye rejeta yake ndogo. Dalili yake ni hita inayotoa joto gari likiwa mbioni na kupoa linaposimama huku injini ikinguruma. Kuongeza maji tu hakutoshi, palipovuja patafutwe. Zulia lililolowa miguuni, harufu tamu ndani ya gari na vioo vyenye utandu wa mafuta huonyesha kuwa rejeta ya hita yenyewe imetoboka.

Baada ya hapo injini huwashwa hadi ipate joto lake la kawaida, hita hufunguliwa hadi mwisho, kisha fundi hushika hozi mbili zinazoingia kwenye ukuta ulio kati ya injini na dashibodi, akijihadhari na mikanda na feni. Mguso huo wa sekunde chache una thamani kubwa kuliko kubomoa dashibodi kwa kubahatisha.

Hozi zote mbili zikiwa vuguvugu, mtuhumiwa wa kwanza ni themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa hadi injini ipate joto. Katika gereji zetu, jambo la kuulizwa si kama imeharibika bali kama ipo. Gari likichemsha, mafundi wengi huing'oa na kuitupa, wakiamini kuwa maji yakipita bila kizuizi injini itapoa. Matokeo yake maji hupitia rejeta kubwa muda wote, injini haifikii joto lake, hita hukosa cha kutoa, na kompyuta ya gari, ikidhani injini bado ni baridi, huongeza mafuta. Msimbo P0128 kwenye mashine ya kupimia huashiria hali hiyo hiyo ya joto lisilofika kiwango. Tena, katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kubwa kabisa, na gari laweza kuchemsha zaidi linapopanda mlima na mzigo. Tiba iliyokusudiwa kupoza huweza kuleta joto.

Themostati hupimwa kwa sufuria ya maji na kipimajoto. Huning'inizwa kwa uzi isiguse chini, maji yakapashwa taratibu, na vali itazamwe inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba iliyogongwa juu yake, mathalani 82 au 88, ndiyo ya kulinganisha. Wakati wa kuifunga, kijipini chake cha kupumulia hewa kwa kawaida hukaa upande wa juu.

Hozi moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, maji hayapenyi: ama vali ya hita haifunguki, ama rejeta yake imeziba. Kuziba huku mara nyingi ni zao la kutumia maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Kutu na chokaa hujaa kwenye vijia vyembamba. Hozi zote mbili huchomolewa na maji safi kupitishwa kinyume cha mkondo wa kawaida, kwa nguvu ndogo, hadi yatoke meupe. Upepo wa kompresa usitumike, kwani huweza kupasua viungio. Wakati mwingine hukutwa hozi mbili zimeunganishwa pamoja na hita kuachwa nje kabisa, kwa kuwa fundi aliyetangulia alikimbia kuziba tundu.

Hozi zote mbili zikiwa za moto, mfumo wa maji hauna tatizo. Hapo waya au mota ndogo ya kile kibao ndiyo ikaguliwe. Na upepo ukiwa haba, chujio la hewa ya ndani.

Kila matengenezo ya maji humalizika kwa kutoa hewa. Gari huinuliwa mbele, hita huwekwa kwenye joto la juu, maji ya kulanti humiminwa kidogo kidogo injini ikizunguka na kifuniko kikiwa wazi tangu ilipokuwa baridi, hadi mapovu yaishe. Mapovu yasiyoisha, yakiandamana na moshi mweupe usiokoma kwenye ekzosi na maji yanayopungua bila kuvuja nje, ni dalili ya gasketi ya hedi iliyoungua. Gari la namna hiyo lisikabidhiwe kwa mwenyewe kwa kisingizio kwamba hita imepata joto, hedi ifunguliwe.