Kikapu, Makasi na Mashine: Mhadhara wa Umma Kuhusu Kusomea Usanifu wa Bidhaa Kericho na Bomet



Najua swali walilokuja nalo wazazi. Mtoto amefanya vizuri katika mtihani wa KCSE, ameitwa chuo kikuu, halafu anasema anataka kusomea usanifu wa bidhaa. Ndio nini hicho? Atakuwa akichora viti? Udaktari unaeleweka, ualimu unaeleweka, hata uanasheria pamoja na maneno yake mengi unaeleweka. Nitajibu, lakini nitapitia mashambani kwanza, kwa sababu jibu liko huko.

Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho, katika mashamba ya kampuni iliyoitwa Ekaterra. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa miaka mingi. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kilikuwa kimekwenda mahakamani zaidi ya mara moja kuhusu mashine hizo, na magazeti yaliripoti kwamba mashine moja inaweza kuchukua nafasi ya wachumaji mia. Tulijadili ajira, tukajadili wawekezaji, tukajadili utovu wa usalama. Ambacho sikukisikia redioni wala barazani ni swali jepesi: mashine za aina hii zilibuniwa kwa ajili ya shamba gani, na kwa ajili ya nani?

Zile za kubebwa mkononi zina asili yake Japani. Wakulima wa huko walianza kutumia makasi ya chai mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikaja mashine ya injini inayoshikwa na watu wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa mstari, mfuko ukifuata nyuma. Vijana wa Japani walikuwa wanahamia mijini na mikono ya kuchuma ilikuwa adimu. Mistari ya michai ikakatwa kwa umbo la mgongo wa kobe, na meno ya mashine yakapindwa kufuata umbo hilo hilo. Shamba na zana vilikua pamoja, na kwa mahali pale ni kazi safi kabisa. Kwetu mikono ndiyo tuliyo nayo tele. Yako pia mashamba ya zamani yaliyopandwa kwa mbegu, ambamo kila mchai una mwendo wake wa kuchipua, huu umekomaa na jirani yake bado. Mashine haina macho, inafyeka vyote.

Sasa mwangalieni mchumaji saa moja asubuhi. Majani yana umande, kwa hiyo amejifunga aproni ya plastiki kutoka kifuani hadi chini ya magoti, na miguuni ana gambuti. Mgongoni ana kikapu. Mbele yake amelaza ufito juu ya michai ili aone usawa wa meza, yaani uso wa juu wa michai: chipukizi lililopita ufito linachumwa, lililo chini linaachwa likue. Kidole gumba na cha shahada vinavunja majani mawili na chipukizi. Viganja vikijaa, anarusha nyuma juu ya bega bila kugeuka. Hashindilii. Jani likibanwa linachubuka, linapata joto, na linaanza kubadilika rangi kabla halijafika kiwandani. Ndiyo maana kikapu kina matundu, na ndiyo maana magunia ya kituo cha kununulia yanapitisha hewa na kuning'inizwa kwenye ndoana ndani ya lori badala ya kurundikwa.

Kikapu hicho, basi, kimesanifiwa vizuri sana kwa ajili ya jani. Kwa ajili ya mgongo wa mchumaji hakijasanifiwa hata kidogo. Kadiri kinavyojaa ndivyo kinavyomvuta nyuma, huku mikono yake inafanya kazi mbele. Kamba inakata bega. Aproni inazuia umande usiingie, na inazuia jasho lisitoke. Na kwa kuwa analipwa kwa kilo, kila anaposimama kurekebisha kamba anajikata ujira. Akina mama wengi wamejitengenezea dawa yao wenyewe: kitambaa kilichokunjwa chini ya kamba, au gunia kuukuu. Kitambaa kile ni usanifu, tena wa mtu anayelijua tatizo kuliko sisi tuliosoma. Kinachokosekana ni mtu wa kukichukua kwa uzito, akakipima, akakiboresha, akakifikisha kwa wengine. Mzazi uliyeuliza, kazi ya mwanao ni hiyo.

Mkulima mdogo naye ana yake. Taasisi ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina zaidi ya wakulima laki sita, na wengi wao wana vishamba vya ekari moja au pungufu. Anayepeleka chai kwenye viwanda vya Kapkoros, Tirgaga au Momul hawezi kununua mashine kubwa, wala hana pa kuigeuzia. Mvua zikikolea majani yanafurika na vibarua wanaadimika, kwa hiyo ananunua makasi yenye kikasha cha kupokelea. Makasi hayo yanakata haraka, ila yanachanganya jani changa na gumu, vijiti juu yake, halafu mabishano yanahamia kituoni mbele ya karani. Mimi nayaona makasi haya kama mtihani mzuri kuliko mwingine wowote wa mwaka wa pili. Yafungiwe nini chini ili yateleze juu ya meza bila kuzama? Kikasha kikijaa, uzito ukae upande gani wa kifundo cha mkono? Matundu yawe makubwa kiasi gani ili hewa ipite na jani lisidondoke? Anayetumia mkono wa kushoto afanyeje? Na wembe ukiisha makali, fundi wa soko la Bomet ataweza kuunoa kwa jiwe alilo nalo, au itabidi kipuri kiagizwe ng'ambo?

Kuna swali moja ambalo wahandisi hulikwepa, nami sitaki wanafunzi wetu walikwepe. Zana ikimwezesha mtu kuchuma maradufu, bei ya kilo itashushwa? Ikishushwa, mchumaji amebebeshwa kazi zaidi kwa hela zile zile, na zana yenyewe ataichukia, kwa haki. Kwa hiyo mwanafunzi anayebuni zana ya kuchumia lazima ausome mkataba wa pamoja wa wafanyakazi na waajiri kama anavyosoma jedwali la vyuma. Wenzangu wa uhandisi wataninunia kwa hilo. Wakimaliza kununa watakuta ukurasa wa viwango vya malipo umewaeleza kwa nini vifaa vingi vizuri vinaozea stoo.

Wala sisi si wa kwanza kuwaza hivi. Mwaka 1965 alifika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi msanii wa Afrika Kusini, Selby Mvusi, aliyekuwa amefundisha Kumasi kule Ghana. Pamoja na Derek Morgan aliandaa mafunzo ya usanifu yaliyomtaka mwanafunzi aanze na watu na mahitaji yao, kisha ndipo aje kwenye umbo. Mvusi hakukubali kwamba fungu la Mwafrika ni kuchonga vinyago vya watalii huku viwanda vikiachiwa wengine. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1967, akiwa hajafikisha miaka arobaini. Nairobi inaendelea kufundisha usanifu hadi leo, na wapo wahitimu wake hodari. Lakini wengi wanaajiriwa katika matangazo na vifungashio, kwa sababu mshahara uko huko, na mimi siwalaumu.

Yupo pia ndugu mnayemjua nyote: jiko la udongo na bati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu, Maxwell Kinyanjui akiwa mmoja wao, walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand wakaja nalo kwa mafundi wa jua kali. Matoleo ya awali yalipasuka udongo wake. Umbo la kiuno chembamba, pana juu na chini, lilipatikana kwa kuzungumza na wafua bati na wapishi: linashika udongo usiteleze, na jiko haliyumbi ugali unaposongwa. Leo liko Afrika Mashariki nzima, na mafundi huliiga watakavyo. Kuigwa huko ndiko kulikolisambaza, ingawa kwa bidhaa nyingine ningependa mbunifu apate chake. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inamruhusu kusajili muundo wake katika ofisi ya mali ya viwanda, KIPI, kwa miaka 5, na kuongeza mara mbili hadi 15. Karakana zetu zimejaa miundo ambayo haijawahi kuliona dirisha la ofisi hiyo.

Wanaodhani haya ni mambo ya pembeni wakumbuke mashine ya CTC. Ilibuniwa Assam miaka ya 1930 na William McKercher, isage, ichane na kuviringa jani kwa mpigo mmoja. Karibu chai yote ya Kenya inapita kwenye roli za namna hiyo. Rangi ya kikombe chetu, ukali wake, na soko la mifuko midogo ya chai tunalouzia, vyote vimeshikana na uamuzi wa mtu mmoja kule Assam.

Ninachopendekeza kwa programu yetu ya usanifu wa bidhaa ni kidogo na kitaudhi. Muhula wa kwanza usiwe na kompyuta. Wanafunzi wachume chai, wapimiwe kwenye mzani wa kituo, walipwe kwa kilo kama wengine, waandike daftari la mahali panapouma. Mwaka wa pili, jopo la kusahihisha liwe na mchumaji, karani wa kituo na fundi wa jua kali, wenye kura sawa na maprofesa. Mradi ambao fundi huyo hawezi kuutengeneza kwa vifaa vyake urudishwe.

Gharama kubwa ni karakana: mashine ya kulehemu, ya kukunja bati, tanuri dogo, na fundi wa kudumu anayelipwa vizuri kuliko mhadhiri msaidizi. Naibu Chansela amekunja uso. Bajeti ninayo hapa mfukoni, nitampa tukitoka kunywa chai.