Nyuzi 37 Zilivyogeuka 98.6



Mtanzania aishiye Minnesota akimpigia dada yake simu Morogoro na kusema, "Dada, mtoto anachemka, kipimo kimefika mia moja na mbili," wa Morogoro hushtuka, maana kwake mia moja ni maji ya chai. Homa ni ya kweli na nambari ni sahihi, ila herufi moja, F, haikutajwa. Wala si lazima mtu awe ughaibuni ili yamkute. Vipimajoto vingi vya kidijitali vina namna ya kuhama kutoka C kwenda F, na mtoto mwenye vidole vyepesi hahitaji kufundishwa kubonyeza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi, ambayo ni 32 ya Farenhaiti. Kwenye usawa wa bahari huchemka kwenye 100, yaani 212. Kutoka 32 hadi 212 ni nyuzi 180, kwa hiyo nyuzi moja ya Selsiasi ni sawa na 1.8 za Farenhaiti. Asiye na kikokotoo afanye hivi: zidisha kwa mbili, toa fungu la kumi, ongeza 32. Kwa 37 unapata 74, toa 7.4, zinabaki 66.6, ongeza 32, ni 98.6. Hapo hujakadiria kitu, ni jibu kamili.

Kurudi ndiko kwenye utelezi. Wengi hutoa 32, hugawa kwa mbili, kisha huongeza fungu la kumi. Ile 102 ya Minnesota inakuwa 70, nusu yake 35, na kwa 3.5 inafika 38.5. Jawabu halisi ni 38.9. Kama unataka kujua uvae sweta au usivae, tofauti hiyo haina neno. Kwa mtoto mwenye homa ina neno. Ongeza tena fungu la kumi la lile fungu la kumi, 0.35, utapata 38.85, na hapo daktari hana la kukulaumu.

Lakini 32 ilitoka wapi? Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi wa vyombo mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Uholanzi, alieleza kipimo chake mwaka 1724. Sifuri aliiweka kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, 32 kwenye barafu iliyo ndani ya maji, na 96 kwenye kinywa au kwapa la mtu mwenye afya. Sikilizeni vizuri: 96, si 98.6. Binadamu hawakupandwa na homa tangu siku hizo. Kipimo ndicho kilichorekebishwa baadaye, kikafungwa kwenye maji yanayochemka. Naye Anders Celsius wa Uppsala, mwaka 1742, aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda. Muda si mrefu kikapinduliwa. Huwakumbusha hilo wanafunzi wanaodhani Selsiasi ilishuka na mvua.

Kinachonileta mbele yenu hasa ni hiyo 98.6. Mwaka 1868 Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, alichapisha kitabu kilichotokana na wagonjwa wapatao 25,000 aliowapima kwapani, akataja 37 kuwa wastani wa mtu mwenye afya. Alijua vyema kwamba mwili hushuka alfajiri na kupanda jioni. Thelathini na saba ni nambari tulivu, inayokubali kusukumwa huku na huku. Igeuze iwe 98.6 na ghafla inavaa suti: ina desimali, inaonekana imepimwa hadi sehemu ya kumi, na mzazi wa Chicago anayeona 99.1 anaanza kutafuta dawa. Desimali ile haikutoka kwenye mwili wa mtu yeyote. Ilizaliwa na kuzidisha kwa 1.8. Mwaka 1992 watafiti wa Maryland waliwapima watu wazima 148 wenye afya, wakapata wastani wa 36.8, yaani 98.2.

Kosa la pili ni la magazetini. Tofauti ya joto haiongezewi 32. Mkataba wa Paris wa 2015 unapotaja ongezeko la nyuzi 1.5 za Selsiasi, kwa Mmarekani hilo ni 2.7. Anayeandika 34.7 amebadili usomaji wa kipimajoto badala ya ongezeko, na ameiunguza dunia kwa kalamu.

Nimalizie zahanatini, penye jokofu la chanjo linalotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kikamilifu hizo ni 35.6 na 46.4, maelekezo ya Marekani huandika 36 na 46. Kwa kukata hivyo, ukingo wa chini umepanda na wa juu umeshuka, kwa hiyo tumebaki ndani ya eneo salama. Imetokea tu kwamba kanuni ya kukadiria na usalama zimekubaliana. Lakini chanjo za pepopunda na za homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda. Kama ukingo wa chini ungekuwa 35.4, kanuni ya shuleni ingetaka niandike 35. Ningeandika 36, na mwalimu wangu wa hesabu akate alama.