Maumivu ya Kiuno Wakati wa Hedhi



Kuna binti ambaye kila mwezi hulala akishika kiuno, na masomo yanampita. Tunamwambia, "Vumilia, ukizaa yataisha." Mama, usimwache hivyo. Mazoezi husaidia, na hayana gharama.

Wakati wa hedhi, mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoufanya ujikaze ili usukume damu nje. Mishipa ya fahamu ya mji wa mimba huingia uti wa mgongo pamoja na ile ya kiuno. Ndiyo maana maumivu husikika mgongoni.

Tandika mkeka, mfanye pamoja.

Kwanza, lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kaza tumbo ukikandamiza kiuno kwenye mkeka. Hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10.

Pili, vuta magoti polepole hadi kifuani. Pumua taratibu mara 5.

Tatu, piga magoti na kuweka viganja chini, kama mtu anayepiga deki. Inua mgongo kama paka anayejinyoosha, kisha ushushe. Rudia mara 10.

Halafu tembeeni kwa mwendo wa haraka.

Msingoje damu ianze. Mwaka 2019, watafiti wa Cochrane walilinganisha tafiti kadhaa, wakaona kwamba mazoezi ya dakika 45 hadi 60, angalau mara 3 kwa wiki, yanaweza kupunguza sana maumivu ya hedhi. Anzeni na dakika 10, mkiongeza kidogo kidogo. Msikate tamaa mwezi wa kwanza.

Siku ya maumivu makali, funga chupa ya maji moto kwa kitambaa, uiweke kiunoni. Dawa ya maumivu, muulize mhudumu wa afya kwanza, hasa kama ana vidonda vya tumbo au pumu.

Mpeleke kituo cha afya iwapo maumivu yanazidi kila mwezi au yanaendelea baada ya hedhi, damu inajaza sodo kila saa, ana homa, anatokwa na uchafu wenye harufu mbaya, au miguu inakufa ganzi. Hedhi ikichelewa na tumbo likiuma sana, nenda siku hiyo hiyo.

Hedhi si ugonjwa, lakini maumivu ya binti yako si ya kupuuzwa.