Pembeni mwa Ukurasa: Kuomba Talaka Bukavu na Kuitafuta Hukumu Yake

Kitabu cha ndoa cha komini ni kizito, kina jalada gumu, na kila cheti ndani yake kimeachiwa nafasi nyeupe upande mmoja wa ukurasa. Siku ya harusi hakuna anayeitazama. Bibi harusi anatazama kalamu, bwana harusi anamtazama afisa wa etasivili, mashahidi wanatazama saa kwa sababu chakula kinapoa nyumbani. Lakini nafasi hiyo haikuachwa kwa urembo. Mahakama ikiivunja ndoa, ni hapo pembeni panapoandikwa tarehe ya hukumu, namba yake na jina la mahakama iliyoitoa.

Hoja ya mada hii ni moja. Talaka ya Bukavu mara nyingi hukwama kabla haijafika pale pembeni. Nyingine hukwama sebuleni kwa wazee, nyingine ofisini kwa karani wa mahakama. Miaka ikipita, anayetafuta karatasi analaumu panya, mvua na vita, na mara nyingine ana haki ya kulaumu. Ila mara nyingine karatasi anayoitafuta haikuandikwa kamwe.

Tuanze na mfano wa kutunga, ingawa kila nyumbakumi wa Kadutu atadhani anamjua mhusika. Mama Furaha anauza samaki wadogo wa sambaza sokoni, anaishi Nyamugo, ana watoto wanne. Mumewe alikwenda Kamituga kwenye dhahabu, akakaa, akapata bibi mwingine huko. Familia mbili zikaitana. Wazee wakahesabu mali iliyotolewa, ng'ombe mmoja akarudi kwa waliomleta, watu wakanywa, wakapeana mikono. Tangu siku hiyo avenyu nzima inasema hao walishaachana.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016, inasema talaka inatokana na uamuzi wa mahakama, kwa ombi la mmoja wa wanandoa. Kumfukuza mke, au mke kumfukuza mume, kumepigwa marufuku. Baraza la familia linaweza kupatanisha, linaweza kuhesabu ng'ombe, lakini haliwezi kuvunja ndoa. Imamu anayepokea maneno ya talaka yuko mahali hapohapo, na hata hati ya mahakama ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki inayobatilisha ndoa inahusu sakramenti. Kitabu cha komini hakiguswi.

Wapo wanaojitetea kwamba ndoa yao ilikuwa ya kimila tu, hawakufika ku Leta, yaani kwa Serikali, hivyo hakuna cha kuvunja. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Ndoa iliyofungwa katika familia kwa kufuata mila ni ndoa tangu siku ilipofungwa. Kuiandikisha kwa afisa wa etasivili ndiko kunakoipa nguvu mbele ya watu wengine. Wale wa yaka tofanda, waliokaa pamoja bila mahari wala cheti, hao kweli hawana talaka ya kuomba. Watoto wao wana haki zao, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Kwa nini Mama Furaha ahangaike? Tuseme shimo la Kamituga limemwangukia mume. Kwa sheria ya urithi ya Kongo, watoto hupata robo tatu ya mali, na robo inayobaki inakwenda kwa kundi la pili, ambamo mjane yumo pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Mama Furaha bado ni mjane wake. Tena, kama hawakuchagua utaratibu wa mali siku ya ndoa, sheria inawahesabu kuwa wanashirikiana mali waliyoipata pamoja, kiwanja cha Nyamugo kikiwemo. Na huyo mume, akithubutu kufunga ndoa nyingine ku Leta kabla ya hukumu, anaingia katika kosa la kuoa mara mbili. Ng'ombe aliyerudishwa hakubadilisha chochote kati ya hayo.

Mlango wa kuingilia ni mahakama ya amani, ile ambayo Bukavu nzima inaiita Tripe. Sheria ya 11 Aprili 2013 kuhusu mpangilio wa mahakama imeipa mashauri ya familia, ya urithi na ya ardhi inayotawaliwa na mila. Kwa kawaida inatazamwa mahali anapoishi mwenzi anayeshitakiwa. Ombi linapelekwa kwa rais wa mahakama, kwa maandishi au kwa mdomo. Hilo la mdomo lipigiwe mstari, maana watu wengi hudhani bila avoka na karatasi ya mashine hakuna anayesikilizwa. Asiyejua kuandika anaeleza, karani anaandika.

Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa kwamba hawaendi mahakamani bila ruhusa ya mume. Neno hilo lilikuwa na mzizi: sheria ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Lakini sheria hiyohiyo ilimwachia huru pale anapomshitaki mume mwenyewe, na marekebisho ya 2016 yaliifuta idhini hiyo, yakaweka makubaliano ya wote wawili. Ruhusa ya kumshitaki mume, basi, haikudaiwa na sheria hiyo. Ilidaiwa na shemeji.

Mahakama haikimbilii kuvunja. Rais anamsikiliza mwombaji kwanza, kisha anawaita wote wawili, ana kwa ana, awapatanishe. Hatua hiyo ni ya lazima, na ikishindikana inaandikwa. Ndipo kesi yenyewe inaanza, na swali ni moja: je, ndoa imeharibika kiasi kwamba haiwezi kuokolewa? Vipigo, kutelekezwa, bibi wa pili, miaka ya kuishi mbalimbali, vyote hivyo ni ushahidi wa kujibu swali hilo. Baraza la Nyamugo lililokaa na ng'ombe wake halikuwa bure basi. Wazee waliohudhuria ni mashahidi wazuri kuliko wote, na inasikitisha kwamba mara nyingi wanaona aibu kuja kusema mbele ya jaji yale waliyoyasema kwa sauti kubwa nyumbani.

Na kama mume hajulikani alipo? Wengi huachia hapo, wakidhani kesi haiwezekani. Kanuni za mashauri ya madai, za 7 Machi 1960, zina njia: karatasi ya mwito hubandikwa kwenye mlango mkuu wa mahakama na dondoo lake hutumwa kuchapishwa katika gazeti rasmi la Serikali. Kuta za mahakama zetu zina karatasi za namna hiyo, zimepauka kwa jua, na watu hupita bila kuzisoma.

Gharama ndizo zinazofukuza watu. Kuna malipo ya kufungua dosye, ya mwito, ya nakala, na kila mhuri una bei yake. Asiye na uwezo anaweza kuomba hati ya umaskini ili asamehewe, na Baraza la Mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure. Wanasheria wanawake wa AFEJUCO nao wamefanya kazi ya namna hii Bukavu kwa miaka. Tatizo ni kwamba muuza sambaza hupoteza siku nzima ya soko kila kesi inapoahirishwa, na hakuna hati inayofidia hilo.

Sasa hukumu imesomwa. Watu wanakumbatiana nje, au wanatukanana, kisha wanarudi nyumbani. Hapo ndipo talaka nyingi zinapoachwa zikining'inia. Hukumu lazima ipelekwe kwa upande wa pili na mhudumu wa mahakama, na tarehe ya kupelekwa iandikwe, maana kutoka hapo zinahesabiwa siku 30 za kukata rufaa kwenye Tribinali Kuu ya Mwanzo. Aliyehukumiwa bila kuwapo ana kwanza siku 15 za kupinga. Siku zikiisha bila mtu kujitokeza, karani anatoa hati ya kutokata rufaa. Kisha uamuzi unatakiwa ufike kwa afisa wa etasivili ili uandikwe kitabuni na pembeni mwa cheti cha ndoa, na pembeni mwa vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili.

Hicho cha mwisho kinachekesha kidogo. Utafiti mkubwa wa afya na idadi ya watu wa 2013-2014 ulikuta ni kama robo tu ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa. Wazazi wao huenda hawana hali bora. Sheria inaagiza kuandika pembeni mwa ukurasa ambao haupo.

Tuje kwenye kutafuta. Mtu anarudi kutoka Nairobi au anaandika kutoka Marekani: anataka kuoa tena, anajaza fomu za wakimbizi, au kaka zake wanagombania kiwanja cha Bagira. Anahitaji hukumu ya talaka ya mwaka fulani. Kosa la kwanza ni kuingia Tripe na majina mawili tu. Karani hatafuti kwa majina. Anatafuta kwa namba inayoanza na herufi RC, iliyotolewa siku dosye ilipofunguliwa na kuandikwa katika rejista ya kesi za madai kwa kufuata tarehe. Asiye na namba aje walau na mwaka, na ikiwezekana mwezi. Vinginevyo mtu atafunua kurasa moja moja, na mtu huyo atataka kulipwa.

Dosye ikikosekana, bado kuna njia za kando. Daftari la kikao, ambamo karani huandika yanayosemwa siku ya kesi, hukaa mbali na dosye. Mhudumu wa mahakama ana kumbukumbu za karatasi alizopeleka. Kama kulikuwa na rufaa, dosye ilipanda Tribinali Kuu na huenda ililala huko. Avoka wa zamani huwa na nakala kabatini. Na komini, kama uamuzi ulifika, ina ule mstari wa pembeni, ambao una namba yote inayotafutwa. Anayeanzia komini mara nyingi humaliza mapema kuliko anayeanzia mahakamani.

Kwa talaka za wazee mambo ni mengine kabisa. Mahakama za amani ziliandikwa katika sheria ya 1968, lakini katika maeneo mengi zilikawia kufunguliwa. Kabla yake, tangu dekreti ya 15 Aprili 1926, Waafrika walihukumiwa na mahakama za kimila: za shefri huko Kabare na Ngweshe, na za mitaa ya Waafrika mjini, enzi Bukavu ikiitwa Costermansville. Ndoa iliyovunjwa Kadutu mwaka 1958 haitapatikana Tripe kwa sababu Tripe haikuwapo. Na anayetafuta ndoa ya babu mwenye wake wawili akumbuke dekreti ya 4 Aprili 1950, iliyokataa ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1 Januari 1951. Mke wa pili wa baada ya hapo hatakutwa kitabuni hata akitafutwa kwa tochi.

Halafu kuna vita. Bukavu ilitekwa mwishoni mwa Oktoba 1996, ikabadilisha mabwana tena Agosti 1998, ikaporwa mwanzoni mwa Juni 2004. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko likapasua kuta. Tarehe 16 Februari 2025 waasi wa AFC/M23 wakaushika mji, mahakama za Serikali zikasimama, majaji na makarani wengi wakaondoka. Kesi zilizokuwa katikati zikabaki katikati. Kwa waliokuwa wakisubiri hati ya kutokata rufaa, hasara ni ya pekee: wana hukumu, lakini hawana karatasi ya kuthibitisha kwamba imekuwa ya mwisho. Nayo karatasi inayotolewa na mamlaka ambayo Kinshasa haiitambui inaweza kukataliwa ubalozini au mbele ya jaji wa mji mwingine. Anayeichukua kwa sababu hana njia nyingine aitunze pamoja na kila kipande cha zamani: risiti ya kufungua dosye, karatasi ya mwito, hata picha ya simu ya ukurasa wenye namba ya RC.

Semina ambamo mada hii inasomwa ina watu wa komini na watu wa mahakama katika chumba kimoja, jambo ambalo si la kila siku. Mapendekezo ya kuingiza kila kitu katika kompyuta yamesikika Bukavu mara nyingi, pamoja na jenereta ambayo haikupata mafuta. Kuna kitu kidogo zaidi kinachowezekana: daftari la mistari lenye majina ya wanandoa kwa herufi, namba ya RC, tarehe ya hukumu, na safu moja ya mwisho inayojazwa ndiyo au hapana, kama uamuzi ulifika komini. Mhitimu mmoja wa sheria anayefanya mafunzo anaweza kulijaza alasiri, baada ya vikao, akianza na rejista iliyo wazi mezani na kurudi nyuma mwaka mmoja kwa mmoja. Safu ya mwisho ndiyo ya kusomwa kwanza. Kila hapana iliyomo ni mtu anayeamini aliachwa au aliacha, ilhali kitabu cha komini bado kinamhesabu kuwa na mume au bibi.