RUFAA YA MKOPO WA MASOMO: TUSINYAMAZE
(Mazungumzo na wazazi wa Kanazi)

Leo tuzungumze juu ya mkopo wa masomo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kazi yake ni kuwakopesha vijana wa vyuo wasio na uwezo. Lakini Bodi haifiki kwenye migomba yetu ikatuona. Inasoma karatasi. Yatima huonyesha cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu huonyesha fomu ya mganga.

Sasa sikilizeni kosa langu. Marehemu kaka yangu tulimzika kibanjani, tukanyamaza. Cheti cha kifo hatukuchukua. Mtoto wake alipoomba mkopo, kwenye karatasi baba yake yu hai! Akakosa. Mimi nikasema, basi, ndiyo bahati yake. Yeye akaniambia, "Baba mdogo, kuna rufaa."

Loo! Tukaenda kwa msajili, ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Tukapata cheti, RITA wakakihakiki, tukakituma kabla siku hazijakwisha. Akapata.

Basi, ndugu zangu, tushike mambo matatu:

1. Vyeti tuchukue mapema.
2. Jina la mtoto liwe moja kwenye vyeti vyote.
3. Mtoto akikosa, tuulize siku za rufaa. Zikipita, mlango umefungwa.

Mkopo si zawadi. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Lakini heri deni la kusoma kuliko kukaa bure. Na kuficha umaskini si heshima.