MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: MWISHO WA MSTARI KATIKA FAILI LA KOMPYUTA



Mazungumzo haya yanahusu alama isiyoonekana kwa macho, ambayo ikikosewa huweza kumnyima mwananchi haki yake bila ya mtu yeyote kutambua. Ni ile alama inayoiarifu kompyuta kwamba mstari umekwisha na mwengine unaanza. Jambo hili halina Bara wala Visiwani. Popote orodha inapotoka kompyuta moja kwenda nyengine, lipo.

Mfano unachukuliwa Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania Bara, ambao kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 2,008,058, na ambao unasifika kwa kilimo cha alizeti. Ichukuliwe kwamba karani wa halmashauri moja mkoani humo ameandaa orodha ya wakulima 3,000 wanaostahiki mbegu za ruzuku. Kila mkulima ana mstari wake: jina, kijiji, na mwishoni namba ya kitambulisho cha Taifa. Karani anatumia kompyuta ya Windows. Analihifadhi faili kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, kisha analipeleka kwenye seva inayoendeshwa kwa Linux. Siku ya kugawa mbegu mkulima anafika, anataja namba yake, na kujibiwa kwamba hayumo. Karani anaifungua orodha na kuiona namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Mkulima yumo, na hayumo.

Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Ndani ya seva namba ya mkulima huyo imesomwa kuwa na alama 21, kwa kuwa alama moja isiyoonekana imeganda mwishoni mwake. Kompyuta haina busara ya kusema kwamba vitu viwili vinakaribiana; ama vimelingana, ama havikulingana. Na la kustaajabisha zaidi, mkulima wa mwisho kabisa katika orodha huenda akapatikana bila tabu yoyote, iwapo karani hakubonyeza kitufe cha kuteremka mstari baada ya jina lake. Afisa anayeona watu wote wamekosekana isipokuwa wa mwisho ajue moja kwa moja ugonjwa uliopo.

Asili ya tatizo ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Waliopata kupiga tapureta wanakumbuka ule mkono wa chuma uliokuwa upande wa kushoto. Ukiusukuma, ulifanya kazi mbili kwa pamoja: kuirejesha karatasi mwanzo wa mstari, na kuipandisha ili mstari mpya uandikwe. Mashine za kupeleka maandishi kwa waya zilizitenganisha kazi hizo kwa amri mbili mbalimbali. Katika orodha ya namba za herufi iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, amri ya kurejea ilipewa namba 13 na ya kuteremka namba 10. Baadaye kila mtengenezaji akafuata rai yake. Unix, iliyoanza mwaka 1969, ilitosheka na 10 peke yake, na Linux ikafuata nyayo hizo. DOS ya mwaka 1981 ilishika 13 na 10 kwa pamoja, na Windows ikairithi. Macintosh ya mwaka 1984 ilichagua 13 tu, hadi ilipohamia kwenye 10 kwa toleo la Mac OS X la mwaka 2001. Hapana aliyekosea, kilichokosekana ni makubaliano.

Faili likisafiri upande wa pili, yaani kutoka Linux kwenda Windows, dalili zake ni nyengine. Programu ya Notepad haikuitambua namba 10 peke yake hadi mwaka 2018, hivyo katika kompyuta ya zamani wakulima wote 3,000 hutokea wameunganishwa katika mstari mmoja mrefu, mithili ya utenzi ulioandikwa bila ya kutenga mishororo. Kasoro hii ina nafuu, kwani angalau inaonekana. Ile ya mwanzo ndiyo ya kuogopwa.

Tiba yake ni nyepesi. Programu nyingi za kuandikia maandishi matupu huonesha katika ukingo wa chini wa dirisha aina ya mwisho wa mstari: CR LF kwa Windows, LF kwa Unix na Linux. Katika Notepad++ kubadilisha kunafanyika kwa menyu. Kwenye Linux ipo programu ndogo iitwayo dos2unix, na unix2dos kwa kinyume chake. Kabla ya kubadilisha, nakala ya asili iwekwe kando. Baada ya kubadilisha, ukubwa wa faili uangaliwe: orodha ya mistari 3,000, kila mmoja ukiwa umefungwa kwa alama zote mbili, ikitolewa alama moja kila mstari, lazima ipungue baiti 3,000 kamili. Ikipungua zaidi au kidogo, kuna mistari iliyochanganyika na inafaa ikaguliwe.

Aidha, inatahadharishwa kwamba kazi hii ni ya maandishi matupu pekee. Picha, faili lililobanwa au jedwali la Excel lisiguswe, kwani ndani yake namba 13 na 10 zina maana nyengine kabisa, na kuzibadilisha ni kuliharibu faili.

Mwananchi anayeambiwa kuwa jina lake halimo, ilhali anayo stakabadhi ya kujiandikisha, asirejeshwe nyumbani kabla ya afisa kuhesabu alama za namba yake ndani ya seva. Hesabu hiyo haichukui hata dakika tano.