Mwakangale, Mtoto wa Rungwe



Leo hapa Tukuyu twamkumbuka John Mwakangale, mtoto wa Rungwe, aliyekuwa kiongozi wa TANU na Mbunge.

Wazee wetu hawajasahau kura tatu. Serikali ya Mwingereza iliamuru kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Rangi ilitangulia, mtu akafuata. Wengi walichukia, lakini mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua tuingie katika uchaguzi huo huo tuushinde. Tukaushinda. Desemba 1961 tukapata Uhuru.

Mwezi uliofuata, Januari 1962, Nelson Mandela alitoroka Afrika ya Kusini kwa siri, akatua Mbeya. Mwenyeji wake alikuwa Mwakangale wetu. Pale hotelini Mandela aliwakuta weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza, jambo ambalo kwao lilikuwa mwiko. Baadaye aliandika kwamba huku Tanganyika ndiko alikojiona mtu huru kwa mara ya kwanza.

Ndugu zetu, hatukupigania bendera ipepee tu. Tulipigania mgeni mweusi aingie mlangoni kwa heshima, asipimwe kwa rangi yake. Mwakangale alipewa kura zetu, naye akautumia ukubwa wake kumpokea mtu asiye na kura wala kwao pa kulala salama.

Basi anayekuja kutuomba kura tusimwulize kabila wala mali. Tumwulize: ukubwa tukikupa, utamfungulia nani mlango?

Uhuru na Umoja!